Mgeni Aliyebaki na Neno Moja

Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kupiga chapa miswada ya watu wengine, na ndiyo maana kituo kizima cha televisheni kilimwita Chapa. Waandishi watano wa tamthilia ya chombo cha anga walimletea karatasi zilizochorwachorwa mishale na kudondoshewa chai, naye akazigeuza kurasa safi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jicho alikuwa nalo. Ni yeye aliyegundua kwamba katika sehemu ya tatu nahodha alikufa ukurasa wa kumi na mbili, kisha ukurasa wa thelathini akaagiza kahawa. Hakumwambia mtu. Alimfufua marehemu kimyakimya kwa kumpa jeraha la bega badala ya kifo, akaendelea na kazi yake. Mkuu wa waandishi, bwana mmoja mrefu aliyejulikana kwa jina la Miwani, alikuja kuliona kosa hilo wiki mbili baadaye, nalo limeshasahihishwa. Tangu hapo akawa akipita mezani kwa Chapa anapunguza mwendo.

Nyumbani Chapa aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, pamoja na baba yao. Mzee alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimpiga akiwa anafunga kamba za viatu. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukarudi polepole, na maneno yote yakamwondoka isipokuwa moja: kesho. Akili zake zilikuwa timamu. Alifuatilia habari, alicheka panapochekesha, na gazeti likikosea ramani alilitupa chini. Ila akifungua mdomo, kilichotoka ni "kesho" tu. Chai haina sukari, kesho. Mlango unagongwa, kesho.

Mabinti walijifunza kusikiliza sauti badala ya neno. Kesho ya kupanda ilikuwa swali. Kesho fupi, ya kukata, ilikuwa hapana. Kesho ndefu ya chini kwa chini ilimtaja mama yao, aliyefariki wao wakiwa wasichana. Waliopata tabu ni wageni. Msoma mita wa maji alikuja siku tatu mfululizo, na kila siku alifunguliwa mlango na mzee nadhifu aliyemwambia "Kesho!" kwa tabasamu pana, akimaanisha karibu ndani. Siku ya nne msoma mita akaja na barua ya onyo.

Basi, mwaka ule mmoja wa wale waandishi watano alipata kazi kwingine, akaondoka Ijumaa bila hata kufuta ubao. Kwenye ukuta wa chumba cha waandishi palikuwa na kadi kumi na mbili zilizobanwa kwa pini, kila moja ikiwa na hadithi ya sehemu yake. Kadi ya sita ilikuwa na neno moja: SHAMBULIO.

"Shambulio la nani?" Miwani aliuliza. "Na kwa nini?"

Hakuna aliyejua. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake inayomkaba koo. Chapa, aliyekuwa ameingia kuchukua karatasi, alijisikia akisema, "Mimi naweza kujaribu."

Waligeuka wote. Miwani alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. "Una siku tano," alisema.

Tamthilia yenyewe ilihusu mabaharia wa angani wanaopeleka barua na vifurushi kutoka sayari moja hadi nyingine. Chapa aliandika kama alivyoona wengine wakiandika. Viumbe arobaini wenye magamba wanakizingira chombo. Mashine ya kutafsiri inanasa neno moja tu katika kelele zao: "Kesho." Nahodha anaelewa kuwa wamepewa muda, kesho watashambuliwa. Mabaharia wanajaza bunduki zao za mwanga, na kuanzia ukurasa wa arobaini ni vita mpaka mwisho. Alipokuwa akipiga nakala safi ndipo alipoona kwamba neno kesho limejitokeza mara kumi na tisa. Vidole vyake vilisimama juu ya vitufe. Hakuwa amelichagua. Lilikuwa limekuja lenyewe na kujikalia.

Mswada ulipita. "Si mbaya," alisema Miwani, na kwa kinywa chake hizo zilikuwa sifa.

Jumatatu iliyofuata walikuta bomba limepasuka kwenye ghala la mavazi ya maigizo. Maji yalikuwa yamelala humo tangu Ijumaa. Mtayarishaji, mama mmoja aliyekuwa haongei bila kutazama saa ya mkononi, ndiyo maana wakambandika jina la Mama Saa, aliwaita wakaone. Mavazi ya magamba yalikuwa yameota ukungu wa kijani, yananuka kama matambara ya deki yaliyosahauliwa.

"Limebaki vazi moja zima," alisema Mama Saa. "Nalo halina mkono mmoja. Tunaanza kupiga picha baada ya wiki tatu na siku mbili."

"Viumbe arobaini siwezi kuwafanya mmoja," alisema Chapa.

"Basi niambie huyo mmoja anataka nini."

Swali hilo Chapa alirudi nalo nyumbani likamkaa kichwani kama wimbo. Jeshi likizingira chombo, hakuna anayeliuliza shida yake. Lakini kiumbe mmoja, mkono mmoja, amejibanza nyuma ya mlango wa chumba cha mizigo anasema kesho, kesho, kesho? Huyo hashambulii mtu. Huyo ana jambo.

Asubuhi yake dada mkubwa alikuwa akimwekea baba mkate. Jua la dirishani lilimpiga mzee machoni. "Kesho," alisema, akikunja uso. Dada, pini zikiwa mdomoni, alinyoosha mkono bila kugeuka, akavuta pazia. Mzee akatulia, akaanza kula.

Chapa aliweka kikombe chini. Aliona hadithi yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mtu ameisogeza mbele yake mezani. Kiumbe hatishii. Neno hilo ndilo pekee alilobaki nalo. Mashine ya kutafsiri inatafsiri sawasawa kabisa, na kwa sababu hiyo inakosea. Mabaharia wote wanaelekeza bunduki mlangoni, mpaka mpishi wa chombo, ambaye hakuna anayemsikiliza, anasema: "Jamani, msisikilize neno. Sikilizeni anavyolisema." Na ombi la kiumbe ni dogo mno: taa ya chumba cha mizigo inamuumiza macho. Anaomba wazime taa.

Aliandika asubuhi tatu, kabla ya kwenda kazini. Mswada wa pili ulisomwa kwenye chumba cha waandishi. Mmoja alipenga kamasi akasingizia vumbi. Miwani aliuliza, "Umeitoa wapi hii?"

"Imekuja tu," alisema Chapa, na masikio yakamchoma.

Hadithi za televisheni zina tabia ya kutotulia. Siku ya kujaribu vazi, mwigizaji alivaa kichwa cha magamba, akasema kesho, na kilichosikika ni mtu anayekoroma ndani ya pipa. Mwigizaji huyo alikuwa mkongwe wa michezo ya redio, mzee mnene mwenye sauti iliyojulikana na watu wa rika zote. Kituoni walimwita Mjomba. Alivua kile kichwa, jasho likimchuruzika, akasema, "Mimi mnaniajiri kwa sauti, halafu mnaifungia kwenye ndoo?"

Mwongozaji wa picha alicheka, Mama Saa akatazama saa, na kwa dakika kumi uamuzi ukawa umepita. Vazi likatupwa. Mgeni wa chumba cha mizigo hatakuwa kiumbe tena. Atakuwa binadamu, rubani mzee wa chombo kilichopotea miaka mingi, aliyepatwa na kiharusi akiwa peke yake angani.

Kwa kila mtu pale, hayo yalikuwa maboresho. Kwa Chapa ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa bafuni na yeye yumo ndani. Maadamu mgeni alikuwa na magamba, alikuwa amejidanganya kwamba ametunga. Sasa alikuwa na mzee, kiharusi na neno moja. Alikuwa na baba yake.

Halafu yakaja mabadiliko ya pili. Wakubwa wa ghorofa ya juu walikuwa wameusoma mswada, wakaupenda, ila walitaka mzee apone mwishoni. Mabaharia wampe dawa, arudiwe na maneno, atoe hotuba ya kuwashukuru. Ukurasa mmoja na nusu.

"Hawaponi hivyo," alisema Chapa.

"Hii ni tamthilia ya anga," Mama Saa alimjibu, wala si kwa ubaya. "Watu wanaruka kutoka nyota hadi nyota. Kupona kutawashinda?"

Akaiandika hotuba. Aliiandika vizuri, kwa kuwa hakujua kuandika vibaya makusudi, na aliichukia kila sentensi.

Dada mkubwa aliusoma mswada huo siku ya Alhamisi, akitafuta kipande cha karatasi cha kukatia kola. Chapa aliporudi kutoka kazini alimkuta ameketi mbele ya cherehani iliyozimwa, kurasa mapajani.

"Huyu ni baba," alisema dada.

"Dada, ngoja nikueleze."

"Mkono wa kulia. Mwanga wa machoni. Mpaka pazia umeligeuza taa, mdogo wangu! Kila anayemjua atasema, yule pale mwalimu, binti yake kampeleka kwenye televisheni watu wamtazame anavyohangaika." Alishusha sauti, maana mzee alikuwa chumba cha pili. "Umemwomba ruhusa?"

"Nitamwomba."

"Lini? Kesho?"

Walitazamana. Kicheko kiliwaponyoka wote wawili, kile cha kuumiza mbavu, kisichokuwa na adabu. Lakini kilipokwisha dada alifuta macho akawa mkali tena. "Mwambie wewe, au nitamwambia mimi."

Siku iliyofuata Mjomba alimsimamisha Chapa kwenye ngazi za kituo. Alikuwa na mswada uliokunjwakunjwa. "Nimeigiza vichaa, wafalme na mbuzi," alisema. "Sijawahi kuona maelekezo kama haya. 'Kesho, kama mtu anayekataa kuongezewa chumvi.' 'Kesho, kama mtu aliyeona gari la jirani limegongwa.' Mwanangu, huyu mzee hujamtunga. Yuko wapi? Nipeleke."

Pa kujificha pakawa pamekwisha.

Jumamosi asubuhi Chapa aliketi karibu na kiti cha baba yake, akamsomea mswada mzima kwa sauti. Ilichukua karibu saa nzima. Mzee alisikiliza macho yakiwa dirishani. Hakucheka, hakusema neno lake hata mara moja. Alipofika kwenye hotuba ya mwisho, ile ya mzee aliyepona, baba aligeuka. Aliweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya ukurasa, akausukuma taratibu mpaka ukaanguka chini.

"Hiyo si yangu, Baba. Ni ya wakubwa," alisema Chapa. Akauokota. Mzee akausukuma tena.

Kisha aliinuka, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Chapa alibaki pale. Dada aliendelea kushona, lakini alishona mshono uleule mara mbili, akaufumua. Saa moja ikapita, ya pili ikaanza. Nyuma ya mlango zilisikika droo zikifunguliwa na kufungwa. "Nenda kamwone," alisema dada hatimaye. "Siwezi," alisema Chapa.

Mlango ulifunguliwa wenyewe. Mzee alikuwa amevaa koti lake la shule, lile la kahawia lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, ambalo mabinti walidhani limeshatolewa siku nyingi. Mkono mmoja ulikuwa umeingia, na mkono wa pili wa koti ukining'inia mtupu mgongoni. Ndiyo maana alichelewa. Aliwaangalia wote wawili kama wanafunzi waliochelewa mstarini, akasema, "Kesho!"

Chapa hakuielewa hiyo. Haikuwa miongoni mwa zile walizozoea. Lakini dada alikuwa ameshaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu, nilikuwa nimeisahau sauti hiyo," alisema. "Ile ya darasani. Anasema mlete huyo mwigizaji."

Chapa alimkimbilia baba yake, akamsaidia kuingiza mkono wa pili kwenye koti, na kazi hiyo ndogo nusura imshinde kwa sababu alikuwa haoni vizuri kwa machozi. Mzee alimpiga kofi jepesi la kisogoni, kama zamani alipokosea mito na milima.

Mjomba alikuja Jumapili na mfuko wa machungwa. Wazee hao wawili waliketi kwenye meza ya jikoni, ana kwa ana. Mjomba alikohoa, akakaa vizuri, akasema kwa ile sauti yake maarufu, "Kesho."

Mzee alitikisa kichwa. Akagonga meza kwa kidole: rudia.

"Kesho."

Rudia.

Ikaendelea hivyo. Mjomba, mtu aliyezoea kupigiwa makofi kabla hajafungua mdomo, alirudia neno moja kama mtoto wa chekechea, paji la uso likimng'aa jasho. Kosa lake, Chapa aliliona kabla yake, lilikuwa kutia huzuni. Alikuwa akisema kesho kama mtu anayejihurumia. Mzee alichukua chungwa, akalinyoosha mbele yake, akasema "kesho" kwa uchangamfu, kama muuza duka. Akaliweka chini, akaonyesha dirisha lililokuwa wazi, akasema "kesho" kwa kuchoshwa. Ndipo Mjomba alipoelewa. "Aah," alisema. "Yeye anaongea tu. Hajui kama sisi tunasikia neno moja." Akajaribu tena, safari hii akiomba chungwa, hana hata chembe ya simanzi.

Mzee aliegemea kiti, akafikiri. Aliinua mkono wa kushoto na kuonyesha vidole vitano, akaongeza kimoja.

"Sita kwa kumi," alitafsiri dada kutoka kwenye cherehani. "Shukuru, Mjomba. Mimi alikuwa ananipa nne."

Walirudi kwenye somo mpaka mchana. Alipoondoka Mjomba alikuwa na saba, na alitembea kama mtu aliyepewa nishani.

Picha zilipigwa kwa siku mbili. Mjomba alikuwa mzuri kiasi kwamba fundi wa taa alisahau kuzima taa ilipofika zamu ya kuzima, wakarudia. Hotuba ya kupona ilipigwa pia, kwa kuwa iliandikwa. Chapa alitoka nje kipindi hicho, akasimama kwenye uwanja wa kuegesha magari akihesabu madirisha.

Wiki iliyofuata waliitwa kwenye chumba cha kuhariria: Chapa, Miwani na Mama Saa. Mhariri wa picha aliwaambia, bila kuzunguka, "Tumezidi. Dakika nne na sekunde kumi. Tutoe wapi?" Alipendekeza apunguze mazungumzo ya mpishi pale mlangoni.

Mlango ule ndio ulikuwa hadithi yenyewe. Chapa aliomba karatasi ya muda, ile inayoonyesha kila onyesho lina urefu gani, akapitisha kidole kama alivyofanya miaka tisa akitafuta makosa ya wengine.

"Hotuba ni dakika tatu na sekunde arobaini," alisema. "Nahodha anapotembea kwenye korido kabla ya hapo ni sekunde thelathini."

Mhariri alijumlisha kwa midomo. "Inaingia," alisema. "Haizidi wala haipungui."

"Wakubwa waliitaka," alisema Mama Saa.

"Wakubwa walitaka pia tusizidi muda," alisema Miwani. "Sasa wewe chagua ipi utamwambia nani."

Mama Saa alitazama saa yake. Alikuwa ameendesha maisha yake yote kwa kuiheshimu, na pale sekunde zilikuwa zimekaa sawasawa kama vikombe kwenye sahani zake. Akatoa simu, akapiga ghorofa ya juu. Chapa alikuwa ameshaandaa kichwani maelezo ya kiharusi, ya madaktari, ya ukweli na heshima; alikuwa tayari hata kumtaja baba. Mama Saa alieleza kwa sentensi mbili. Sauti ya upande wa pili ikauliza swali moja, waliisikia wote.

"Kwa hiyo muda utatosha?"

"Unatosha kamili."

"Basi."

Ni hivyo tu. Majuma mawili ya kukosa usingizi yaliisha kwa neno basi. Chapa aliketi kwenye kiti cha karibu, na kumbe hakikuwa kiti, lilikuwa boksi la nyaya, likabonyea. Hakuna aliyemcheka kumzidi yeye mwenyewe.

Sehemu ya sita ilionyeshwa Jumapili saa kumi alasiri. Baba aliketi mbele, amevaa koti. Chapa hakuweza kuketi. Alisimama mlangoni mwa jikoni na taulo la vyombo begani, akimtazama baba yake badala ya televisheni. Mara tatu mzee alicheka mahali ambapo Chapa hakujua kuwa pana kichekesho. Mwishoni mpishi alizima taa, akaingia chumba cha mizigo, akaketi gizani kando ya rubani mzee, wakaongea, mmoja kwa maneno mengi na mwingine kwa moja. Jina la mwandishi likapita. Dada alilisoma kwa sauti, lote, kama anaita mtu aliye mbali. Mzee aligeuka, akamtafuta binti yake mdogo kwa macho, na mkono wake mzima ukamwita aje aketi.

Jumatatu kabla ya saa nne mapokezi walimletea Chapa ujumbe. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga simu mara nne. Mume wake alipata kiharusi miezi mitano nyuma, akabaki na neno "hapana" peke yake, na yeye alikuwa akidhani amechukiwa. Alitaka kumuuliza mtu, yeyote, kama inawezekana hapana hiyo isiwe hapana.

Chapa alimpigia mwanamke huyo, akampa namba ya nyumbani.

Aliporudi jioni cherehani ilikuwa kimya. Dada mkubwa alikuwa amejilaza kwenye mkeka, simu sikioni, miguu ukutani kama msichana wa shule. "Hapana, shoga yangu, usimmalizie sentensi," alikuwa akisema. "Ukimmalizia anakasirika. Mwache. Halafu mwangalie mabega, mabega hayadanganyi. Ikipanda hivi anauliza…" Alimwona mdogo wake, akampungia mkono apite bila kelele.

Chapa alivua viatu. Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti, gazeti kifuani. Akalitoa taratibu, akalikunja, akaenda kujilaza bila hata kubadili nguo, na kwa mara ya kwanza tangu ile kadi ya sita ibaki bila mwenyewe ukutani, usingizi ulimchukua kabla hajageuka upande wa pili.